Sahani ya Kwanza

Mama Kwanza alikuwa ameshafungua kinywa ang'ate kipande cha mkate kilichopakwa jamu pande zote mbili, hodi ikapigwa.

"Wifi, kaone ni nani," alisema, mkate ukiwa bado hewani.

"Nina sabuni mpaka viwikoni," wifi yake akajibu kutoka uani. "Nenda wewe, huo mkate nao upumzike."

Mlangoni alisimama mzee asiyemjua. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata nyanya, na nywele zake za mvi zilikuwa zimechongwa kwa mstari mmoja mnyoofu. Lakini mguu wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu na wa kushoto ndani ya kandambili pana. Pale ambapo vidole viwili vya mwisho vilipaswa kuwa, kandambili ilikuwa tupu. Mkononi alishika mfuko wa karatasi wa dawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mama Kwanza, mpishi wa kiwanda cha magodoro? Nimeuliza njia nzima. Kila niliyemuuliza alinionyesha kwa kidole huku akimeza mate, nikajua sijapotea."

Mama Kwanza akacheka, ingawa macho yake yalikuwa yameshauona ule mfuko.

"Tulibadilishana mifuko pale dirisha la dawa," mzee akasema. "Yule kijana alikuwa anaongea na simu huku anagawa. Nimefungua leo asubuhi, nakuta vidonge si vya rangi yangu na kadi ina jina la mwanamke wa kiwanda cha magodoro. Nikasema, ama nimebadilika jinsia, ama kuna mtu ana dawa zangu."

"Dawa za nini?" Wifi alikuwa ameshatokea, povu likimdondoka mikononi.

"Za sukari," mzee akajibu bila hiana.

"Sukari ya nani?"

 Mama Kwanza aliinama, akachungulia nyuma ya debe la unga, akatoa mfuko mwingine wa karatasi. Ulikuwa umebanwa kwa pini vilevile ulivyotoka zahanati. Mzee aliutazama, akaitazama ile pini, kisha akautazama mkate wa jamu.  Wifi ndiye aliyesema.

"Mficha maradhi kilio humuumbua, wifi. Ulitaka kilio kije kutuambia? Na mimi nakaa humu ndani kama pazia?"

"Nilikuwa natafuta wakati wa kukuambia."

"Wakati! Tangu urudi zahanati unazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Unakaa, unainuka. Unafungua friji, unaifunga. Nilidhani umepata mchumba."

Mzee akacheka hadi akashika kizingiti. Wakamkaribisha ndani. Alikuwa kinyozi, alisema, kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka zahanati, na kwa miaka mingi alikuwa amenyoa vichwa vya watu huku akishindwa kukitawala kinywa chake mwenyewe.

"Mimi si wa kukupa ushauri," alimwambia Mama Kwanza. "Mimi ni mwongo wa sahani. Nesi akiniuliza nimekula nini, namwambia mchicha. Na mchicha nilikula kweli! Ila simwambii kwamba huo mchicha ulikuwa umepanda juu ya mlima wa wali." Akaunyoosha mguu wa kushoto mbele yake. "Nesi aliniamini. Mguu haukuniamini."

Mama Kwanza alijaribu kutoutazama ule mguu. Nyayo zake mwenyewe zilikuwa zimeanza kuwaka usiku, kama mtu aliyekanyaga pilipili. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: uzito umezidi, sukari iko juu, na neva za miguu zimeanza kulalamika. Aweke kando wali, mkate, viazi na vitu vitamu hadi waonane tena. Ale mboga za majani kwa wingi, mayai, samaki, nyama kiasi. Vidonge ameze kama alivyoandikiwa, na akihisi kutetemeka au kizunguzungu asisubiri, aje. Aliyasikia yote. Alitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akarudi nyumbani akauficha mfuko nyuma ya debe la unga, kana kwamba ugonjwa nao ungekaa huko huko.

"Wewe unashindwa na nini hasa?" kinyozi akauliza.

"Wali wa mchana."

"Mimi mkate wa asubuhi. Sasa sikiliza, maana nimelifikiria njiani. Nesi simwogopi. Watoto wangu siwaogopi. Lakini mtu nisiyemjua namwogopa. Mtu wa nyumbani ukimvunjia ahadi atanuna halafu atakupikia. Mgeni atakupikia nini? Mpaka siku ya kliniki, wewe hugusi wali wa mchana, mimi sigusi mkate. Sitakuja kukuchungulia, wala wewe usije kwangu. Siku hiyo tutatazamana machoni tu, basi."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa nami nitapata kisingizio. Na mimi, mwanangu, kisingizio nakitafuta kwa tochi."

Alilisema kwa mzaha, lakini midomo yake haikucheka. Mama Kwanza akamwona ghafla kama alivyokuwa: mzee aliyepiga pasi koti lake mwenyewe, akavuka mji mzima kwa kandambili, si kwa ajili ya vidonge tu. Alikuja kutafuta mtu wa kumwogopa.

"Nakuahidi," akasema, kabla ya kupima uzito wa neno hilo.

"Nami nakuahidi." Kinyozi akainuka, akautazama ule mkate. "Huo uondoeni machoni pangu kabla sijatoka."

"Leteni hapa," wifi akasema, akanawa povu, akauchukua. "Mimi sijamwahidi mtu."

*

Ni baada ya kinyozi kuondoka ndipo Mama Kwanza alipokumbuka alichokiahidi, na kwa nini watu walimwita Mama Kwanza.

Kabla yake kiwanda kilikuwa na mpishi mwingine. Siku moja chungu cha maharage kiliharibika, naye akakipakua hivyo hivyo. Kabla ya saa ya kufunga, wafanyakazi walikuwa wamelala juu ya magodoro ambayo hayajavikwa vitambaa, wakishika matumbo na kuomba maji, na mpishi alikuwa ameshatoroka kwa mlango wa nyuma. Mpakiaji mmoja alibebwa na machela, akakaa hospitali mpaka wenzake wakaanza kuchanga sanda. Alipona. Tangu hapo wakamwita Shahidi, kwa sababu alikuwa ameona upande wa pili akarudi.

Mama Kwanza alipoajiriwa, siku yake ya kwanza hakuna aliyesogea dirisha la kupakulia. Watu walikaa kwenye mabenchi wakiwa wamekunja mikono, vumbi la sponji likiwa kwenye nyusi zao kama theluji ya kwenye picha. Hakubishana nao. Alichukua sahani kama zao, akajaza wali na mchuzi kama wao, akasimama kwenye ngazi ya jikoni mbele ya bwalo zima, akala hadi akaikwangua sahani. Kisha akasimama pale, mikono kiunoni, wamtazame kama ataanguka. Hakuanguka. Wakapanga foleni.

Hakuna mkubwa aliyeandika sheria hiyo, lakini toka siku ile hapakuwa na mkono uliogusa kijiko kabla sahani ya Mama Kwanza haijatoa ule mlio wa kukwanguliwa. Shahidi alikaa benchi la mbele kabisa, akihesabu matonge yake kwa macho. Alikula sahani iliyojaa, kila siku ya kazi, mwaka baada ya mwaka. Alinenepa kwa ajili yao, akaona fahari. Na sasa kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa ameapa kutogusa wali.

Wifi alikuwa msaidizi wake jikoni, kwa hiyo alilijua tatizo bila kuelezwa. "Waambie ukweli," alisema.

"Niwaambie mpishi wao ni mgonjwa? Watasema ni chakula chetu kilichonifanya hivi. Yule fundi wa cherehani wanayemwita Redio atalitangaza mpaka getini."

"Basi kula mchuzi mtupu."

"Watauliza wali una nini."

Alitoka, akaenda sokoni bila kujua anachokitafuta. Hakuweza kutulia. Alishika nyanya akaziacha, akauliza bei ya vitunguu asivyovihitaji. Kwenye meza ya muuza mboga mmoja aliona makreti ya koliflawa, lile ua jeupe la jamii ya kabichi, na chini ya kreti moja, pale zilipokwaruzana safarini, palikuwa na chembechembe nyeupe zilizorundikana. Akazitazama. Jicho la mpishi halilali. Akachota kiganjani, akazipuliza vumbi, na chembe zile zikakaa mkononi mwake kama wali wa siku ya harusi.

Jumatatu alifika kazini mapema. Aliikwaruza koliflawa kwenye kikwaruzo cha karoti, akaikausha kidogo kwenye kikaango kikavu kwa chumvi, akaificha kwenye bakuli lenye mfuniko. Ulipofika mchana aliipakua kwenye sahani yake, akamwaga mchuzi wa samaki juu, akarundika mboga pembeni, akapanda ngazi.  Tonge la kwanza alilitafuna polepole, akisubiri mtu apige kelele. Lakini bwalo lilimtazama kama siku zote, Shahidi akahesabu kama siku zote, na sahani ilipotoa mlio wake, foleni ikajipanga.

"Umeniona?" alimnong'oneza wifi, uso ukimng'aa.

"Nimekuona. Umeahidi kwa kinyozi, ukadanganya kwa wapakiaji. Sijui malaika anaandika upande gani."

*

Siku za mwanzo zilimtesa. Kichwa kilimgonga. Saa ya alasiri njaa ilimjia si tumboni bali kichwani, ikikaa pale na kumwambia habari za mkate. Alisugua sufuria zilizokwisha suguliwa. Alipanga mwiko, akaupangua. Akamfokea wifi kwa sababu ya kifuniko, kisha akamwomba msamaha, kisha akamfokea kwa sababu ya kukubali msamaha upesi mno. Nyumbani alizunguka uani huku anatafuna tango.

"Unatafuna kama mbuzi wa jirani," wifi alimwambia.

"Mbuzi ana kisukari?"

"Hana. Ndiyo maana nakwambia utafune."

Halafu, bila kupiga hodi, mambo yakaanza kubadilika. Kiu iliyokuwa ikimwamsha ilipungua. Asubuhi moja alifunga kamba za aproni na zikabaki ndefu kuliko kawaida, akasimama akizishika kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui ni cha nani. Nesi alipompima alimwambia dawa zinafanya kazi na chakula kinafanya kazi, aendelee hivyo hivyo, asiache vidonge kwa furaha. Mama Kwanza akatoka pale akitembea haraka, na alipopita mtaa wa kinyozi aligeuza uso upande wa pili. Walikuwa wamekubaliana kutochunguzana. Lakini alitembea akijiuliza kama mzee leo amekunywa chai na yai, au chai na mkate.

Lililomtia wasiwasi halikuwa tena wali. Lilikuwa benchi la mbele. Kila alipopanda ngazi, Shahidi alimtazama kwa macho yale ya mtu anayesali bila maneno. Alipomaliza, Shahidi alikuwa akipumua, kweli akipumua, mabega yakishuka, ndipo akainuka kuchukua chakula. Mama Kwanza alianza kukwepa macho hayo. Akawa anakula haraka. Akawa anakula huku ametazama dari.

Na mtu akikwepa macho, macho humfuata.

Siku ile mchuzi ulikuwa mchache kwa sababu gari la samaki lilichelewa, na koliflawa haikufunikwa vizuri. Tena aliikausha kwa haraka, ikatoa harufu. Alikuwa amefika katikati ya sahani Redio wa cherehani alipoinua pua.

"Jamani, leo kuna kabichi?"

"Hakuna kabichi," mtu akasema. "Ni mchicha."

"Mimi pua yangu haijawahi kukosea. Hata mke wangu anaijua. Mama Kwanza, mbona wali wako unanuka kabichi?"

Watu wakacheka. Mama Kwanza naye akacheka, akaingiza kijiko kingine mdomoni. Lakini Shahidi hakucheka. Aliinuka kutoka benchi la mbele, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kabla ya ule mlio, akapanda ngazi moja, akaitazama sahani kwa karibu. Kisha akageuka, akatazama ndani ya jiko, kwenye sufuria kubwa ambamo wali ulikuwa ukifuka moshi.

"Huu si wali," alisema taratibu.

Kicheko kikakatika.

"Huu si wali wetu. Anakula chake. Sisi tunakula kingine."

*

Bwalo lilichafuka. Benchi moja lilianguka. "Toka lini?" wengine wakapiga kelele. "Wali una nini?" Mtu wa mashine ya kukatia sponji alisema tumbo lilimuuma juzi, na mwingine akakumbuka naye, na ghafla kila mtu alikuwa na tumbo lililomuuma juzi. Shahidi alibaki pale kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Alikuwa kama amerudi tena kwenye machela.

Msimamizi alikuja mbio, kalamu ikiwa bado sikioni. Aliyasikiliza maneno ya watu kumi kwa wakati mmoja, akaelewa nusu, akamvuta Mama Kwanza pembeni ya mlango.

"Mama, leo tuna mzigo wa kupakia. Hawa hawajala, hawatafanya kazi. Wali una shida?"

"Hauna shida yoyote. Nimeupika kwa mikono yangu."

"Basi ni rahisi. Chota wali wa kwenye sufuria, kula mbele yao, yaishe. Kijiko kimoja tu. Hakiui."

Wifi, aliyekuwa amesimama na upawa mkononi, akasogea hatua moja. Msimamizi mwenyewe akachukua kijiko, akachota wali, akamkabidhi. Ulikuwa umepikwa vizuri. Kila punje imesimama peke yake, na mvuke wake ukampanda usoni kama mkono wa mtu anayempenda.

Kijiko kimoja. Mama Kwanza alijua kabisa kwamba kijiko kimoja hakingemlaza kitandani wala kumkata kidole. Daktari mwenyewe angecheka. Angekila, bwalo lingetulia, Shahidi angepumua, na jina lake lingebaki lake. Kinyozi asingejua. Siku ya kliniki angemtazama machoni, na macho ya mtu hayana dirisha la kuonyesha kijiko kimoja cha wali.

Ila mzee yule naye, kila asubuhi, alikuwa na kipande kimoja tu cha mkate mbele yake. Kipande kimoja hakiui. Vipande vyote vilivyokula vidole vyake vilikuja kimoja kimoja hivyo hivyo, kila kimoja kikisema mimi ni kimoja tu.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi vipi?" Msimamizi akashusha sauti. "Mama, nakuheshimu. Lakini nikiwa na mpishi ambaye watu hawamwamini, itabidi nitafute wa kuaminiwa. Usinifikishe huko."

Mama Kwanza akarudisha kijiko sufuriani. Akapanda ngazi.  Kelele ziliendelea hadi Redio, kwa sababu zake mwenyewe, akapiga meza kwa mkasi wa kitambaa: "Nyamazeni, aseme anayesemwa!"

"Nina ugonjwa wa sukari," alisema Mama Kwanza. Sauti ilitoka ndogo, akaanza upya. "Nina sukari. Nimekatazwa wali, na nimemwahidi mtu sitaugusa mchana. Hii ni koliflawa. Nimekuwa naila mbele yenu siku zote hizi mkidhani ni wali, na hapo nimewakosea. Chakula chenu ni kizima. Lakini mimi nimewadanganya, na nilijua nawadanganya."

 Mwanamke mmoja wa upande wa vitambaa akanong'ona, "Mama yangu naye anayo." Mtu wa sponji akasema, "Sasa ungetuambia tu, sisi tungekufanya nini?" Lakini Shahidi alikuwa akimtazama, na sauti yake ilipokuja ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mimi sikuhitaji uwe mzima, Mama. Nilihitaji ule tunachokula."

  Mama Kwanza alivua aproni yake ile nyeupe ya kupandia ngazi, akaikunja.

Ndipo upawa ulipogonga sufuria. Wifi alikuwa amejaza sahani, na aliijaza kama mtu anayejaza gunia: wali, mchuzi, mboga, samaki juu. Akapanda ngazi, akamsukuma wifi yake kando kwa nyonga.

"Mimi nina afya ya punda na sijamwahidi mtu yeyote chochote," alilitangazia bwalo. "Shahidi, rudi kwenye kiti chako uhesabu. Ukikosea hesabu naanza upya, maana nina njaa."

"Si wa nyumba moja nyinyi?" mtu akapiga kelele.

"Ndiyo, na kama nataka kufa, nitafia kwenye samaki huyu. Mtazame!"

Wachache wakacheka. Wifi akala. Alikula bila haya, akilamba vidole, mpaka sahani ikatoa ule mlio. Kisha akaweka mikono kiunoni, kama alivyomwona wifi yake akifanya miaka yote.

Mtu mmoja akainuka. Kisha wawili. Njaa haina kinyongo cha kudumu. Foleni ilijipanga, fupi kuliko siku nyingine, na baadhi ya watu wakatoka kwenda getini kununua vya kununua. Msimamizi alipita karibu na Mama Kwanza akasema, "Tutaongea kesho," akaenda zake. Na yule wa kwanza kupakuliwa alipochukua sahani yake, alimwambia wifi, "Asante, Mama Kwanza," kisha akashtuka, akatazama chini.

Jina lile lilimchoma Mama Kwanza kuliko alivyotegemea. Alikuwa ameibeba sahani ile miaka yote akidhani ni mzigo. Sasa imechukuliwa, mikono yake haikujua iende wapi. Ilishika kitambaa, ikakiacha. Ilifuta mahali pasafi.

Shahidi alikuwa amerudi benchi la mbele, mikono kifuani, meza mbele yake tupu.

Sahani ya Mama Kwanza ilikuwa bado pale pembeni ya ngazi, nusu yake imebaki, imepoa. Aliichukua. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alishuka nayo bwaloni, akavuta benchi, akaketi mkabala na Shahidi. Kulia kwake mtu alikuwa akila wali wa moto. Kushoto kwake pia. Mvuke ulimzunguka. Chini ya meza miguu yake haikutulia, visigino vikipiga sakafu kama cherehani isiyo na kitambaa.

"Nini hiyo tena?" Shahidi akauliza bila kumtazama.

"Koliflawa."

"Inanuka kama soksi."

"Najua."

 Shahidi hakwenda kupakua. Hakwenda siku hiyo. Alikaa tu, akamtazama akila, hesabu yake ya zamani ikirudi machoni bila kutaka.

Mahali fulani mtaa wa pili kutoka zahanati, mzee mwenye koti lililonyooka alikuwa ananyoa kichwa cha mtu. Huenda asubuhi alikuwa amekula mkate. Huenda hakula. Hapakuwa na njia ya kujua. Mama Kwanza alijaza kijiko, kikavu, kimepoa, na akakila. Akajaza kingine. Alikula kama mtu anayetazamwa na macho mawili yaliyo mbele yake na mengine mawili yasiyokuwepo. Na alipofika mwisho, hapo mezani, bila ngazi na bila mtu wa kumsubiri, akaikwangua sahani mpaka ikatoa mlio.